Ugonjwa ukirudi Goma: video, sauti ya WhatsApp, karatasi au zamu?

Tarehe 18 Machi 2020, Rais Tshisekedi wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo alitangaza kwamba shule na vyuo vikuu vya nchi nzima vinafungwa kuanzia kesho yake, kwa majuma manne. Majuma manne yakazaa miezi: hali ya dharura iliondolewa Julai, na masomo yakaanza kurudi Agosti. Wakati huo Tanzania ilikuwa imeshawarudisha wanafunzi wa vyuo vikuu tangu tarehe 1 Juni. Huko Uingereza, Cambridge waliamua tangu Mei kwamba mihadhara ya mwaka mzima wa 2020–2021 itakuwa ya mtandaoni. Sisi huku, wengi wetu tulikaa tukangoja.

Naandikia wanaokaa kwenye kamati za vyuo vyetu, maasistenti, na ma-CP, wale viongozi wa darasa ambao mwishowe kila kitu huangukia kwenye simu zao. Kikao cha dharura kikiitwa, hakuna mwenye nafasi ya kupima njia moja na nyingine. Basi tuzipime sasa, kichwa kikiwa kimetulia. Mimi napimia maswali mawili tu: ugonjwa wenyewe unapitia wapi, na gharama ya kila njia inamwangukia nani.

Vifaa vya Ebola si vifaa vya Covid

Mji wetu ulijifunza mapema kuliko miji mingi. Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, na mgonjwa wa kwanza wa Goma akathibitishwa tarehe 14 Julai 2019, mchungaji aliyefika kwa basi kutoka Butembo. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani (WHO) likatangaza dharura ya kimataifa. Kwa hiyo Covid ilipoingia nchini Machi 2020, Goma tayari ilikuwa na ndoo za bomba kila mlango, maji yanayonuka klorini, na thermoflash za kupima joto kwenye paji la uso. Tukadhani tumejitayarisha. Tulikuwa tumejitayarisha, ndiyo, ila kwa ugonjwa mwingine.

Mgonjwa wa Ebola haambukizi kabla dalili hazijaanza, na virusi hupitia majimaji ya mwili wake, akiwa hai au akiwa maiti. Hapo thermoflash getini ina kazi: mwenye homa anazuiwa asiingie, anapelekwa kuchunguzwa. Waliomgusa wanaandikwa, wanachanjwa, wanafuatiliwa siku 21. Darasa lililobaki linaweza kuendelea kusoma.

Covid ni habari nyingine. Mtu anaambukiza hata kabla hajajisikia vibaya, na wengine hawapati homa hata kidogo. Thermoflash inasoma 36.4, mlinzi anaitikia kwa kichwa, na mwanafunzi anaingia na virusi vyake hadi benchi la mbele. Ndoo ya klorini haimzuii, kwa sababu sehemu kubwa ya maambukizi hupitia hewa ya chumba kilichojaa. Kinga yake ni dirisha lililo wazi, barakoa inayofunika na pua pia, na watu wachache ndani. Machi 2021 WHO ilipendekeza kila mtu apate hewa safi ya lita 10 kwa sekunde katika majengo ya kawaida. Hatuna vifaa vya kupima hilo, lakini ukumbi wenye madirisha pande mbili zinazotazamana, yote yakiwa wazi, upepo wa ziwa unausaidia sana. Tembeeni kumbi zenu mhesabu ni madirisha mangapi yanafunguka kweli. Yale yaliyochomelewa vyuma kwa hofu ya wezi, au yenye kioo kisichosogea, ni kazi ya fundi wa kuchomelea kwa siku chache. Hakuna haja ya mfadhili hapo.

Mpox, aina ile iliyogunduliwa Kamituga, Kivu Kusini, na kufanya dunia itangaze dharura tarehe 14 Agosti 2024, hupitia zaidi mguso wa ngozi kwa ngozi na vitu kama matandiko na nguo. Umbali wa mabenchi si tatizo lake kubwa kama kitanda kinacholaliwa na watu watatu kwenye chumba cha kupanga. Kipindupindu, ambacho hapa hatukiiti hata mlipuko kwa jinsi tulivyokizoea, ni maji na choo, basi.

Tofauti hii ndiyo inayoamua njia ya kufundisha, na ndiyo inayorukwa kwenye vikao. Kwa Ebola na mpox, wanafunzi wachache wanakosa masomo kwa muda mrefu: siku 21 za ufuatiliaji, au majuma mawili hadi manne mpaka vidonda vya mpox vikauke na maganda yadondoke. Hapo chuo kinatakiwa kubaki wazi na kuwatumia masomo wale waliobaki nyumbani. Kwa Covid, au chochote kinachopita hewani kama hiyo, hakuna wachache wa kuwatenga. Wote wanapaswa kupungua ukumbini. Kufunga chuo chote kwa ajili ya mpox ni kupoteza mwaka bure. Kubaki na ukumbi wa watu mia nne kwa ugonjwa wa hewani, eti kwa sababu ndoo iko mlangoni, ni kujidanganya.

Kabla sijatoka hapo, neno kuhusu mabweni. Chuo Kikuu cha North Carolina pale Chapel Hill, Marekani, kilifungua masomo ya ana kwa ana tarehe 10 Agosti 2020. Juma moja baadaye kikatangaza kwamba masomo ya shahada ya kwanza yanahamia mtandaoni: makundi ya wagonjwa yalikuwa yamezuka kwenye makazi ya wanafunzi. Kumbi zilikuwa zimepangwa vizuri. Usiku ulikuwa haujapangwa. Wenzao wa Illinois, Urbana-Champaign, walijibu kwa kupima mate ya kila mwanafunzi mara mbili kwa juma. Hilo kwetu tusiliote. La kuiga ni kujua nani analala na nani, na hilo ma-CP wanalijua tayari kuliko ofisi yoyote.

Video ya moja kwa moja au sauti ya WhatsApp

Hapa ndipo watu hugombana sana, na ndipo nitakapokaa kidogo.

Video ya moja kwa moja, kwa Zoom au Google Meet, ina sifa moja kubwa: mwanafunzi anauliza na kujibiwa papo hapo. Inapendeza pia kwenye ripoti. Lakini tazama inamdai nani. Saa moja ya video ya kikundi hula mamia ya mega, na picha ikiwa safi inapita giga. Mega hizo ananunua mwanafunzi, yule yule anayehangaika na minervali, ada ya chuo. Anahitaji simu inayobeba programu hiyo, betri inayovumilia, na umeme unaowaka saa ile ile ambayo profesa ameichagua. Umeme ukikatika mtaani Ndosho saa nne asubuhi, somo limempita, na halirudi. Zoom ya bure nayo hukata kikundi baada ya dakika 40 na haipokei zaidi ya watu 100. Kwa darasa la watu 300, hesabu imekwisha kabla hujaanza.

Sauti ya WhatsApp inamdai mwanafunzi kidogo sana. Dakika kumi za sauti ni kama mega moja au mbili. Anaipakua usiku, au anapopita mahali penye wifi, anasikiliza kesho yake akisubiri simu ijae kwenye kibanda cha kuchajisha. Haimfungi kwa saa. Akikosa kuelewa, anarudia sehemu ile mara tano bila kuona haya. Mimi naipa ushindi, na kwa umbali mkubwa.

Ila sauti ina adabu zake, na wengi wetu walimu hatukuwa nazo. Sauti ya dakika arobaini iliyorekodiwa kwa pumzi moja haisikilizwi na mtu. Inayofaa huwa na dakika sita au nane, inaanza kwa kutaja mahali: «Sura ya tatu, ukurasa wa 27, mfano wa pili, uwe na kalamu.» Kisha inaeleza jambo moja tu, inatoa swali, inafungwa. Faili inapewa jina linaloeleweka, mfano «Takwimu-3b», ili mwezi ujao mtu aweze kuitafuta kati ya sauti za shangazi na matangazo ya ibada. Sura moja kwa kawaida inatoka sauti tatu au nne za namna hiyo. Ukishangaa mhadhara wa saa mbili umeingiaje humo, kumbuka saa mbili zetu ukumbini zinavyokwenda: kuandikisha neno kwa neno, kurudia kwa walio nyuma, kuita majina. Ukimpa mwanafunzi silabusi, yaani maandishi kamili ya somo, mkononi, kuandikisha kunakufa na maelezo yanabaki.

Silabusi yenyewe itumwe ikiwa imechapwa. Kurasa hamsini za maandishi ya kompyuta hazijazi hata mega moja au mbili. Kurasa hizo hizo zikipigwa picha kwa simu zinakuwa mzigo wa makumi ya mega, na nusu yake zina kivuli cha kidole.

Kikundi chenyewe kinahitaji mpango. Mwaka 2020 WhatsApp ilikuwa inaishia watu 256 kwa kikundi, na madarasa makubwa yakalazimika kuwa na vikundi viwili vyenye habari zinazopishana. Siku hizi kinapokea watu 1,024, kwa hiyo shida hiyo imekwisha, lakini kelele zimeongezeka. Fungueni vikundi viwili kwa makusudi: kimoja ambacho msimamizi peke yake anaandika, cha masomo, na kingine cha maswali. Mwalimu achague saa moja kwa siku ya kujibu, asijibu nje ya hapo. Bila hivyo anachoka ndani ya juma moja, anaanza kujibu kwa kidole gumba, na kikundi kinakufa.

Kuhusu jukwaa la chuo la masomo ya mtandaoni kama Moodle: ni zuri kwa chuo ambacho tayari kina mtu wa kulitunza na seva isiyolala na umeme. Vyuo vya Afrika Kusini vilifika mbali kwa kuelewana na kampuni za simu ili tovuti zao zifunguke bila kula mega. Kamati yenye jina na uzito ijaribu mazungumzo hayo hapa kwetu. Lakini wasianze kujenga jukwaa siku ugonjwa unapotangazwa.

Karatasi

Kila darasa lina wenye simu ya tochi, na wako wengi kuliko wanavyojitaja, kwa sababu kijana wa chuo haoni raha kusema hana simu kubwa. Kwao njia ni karatasi: CP anachukua faili kwenye flashi, anapeleka kwenye kibanda cha fotokopi, anagawa. Inafanya kazi hata mtandao ukizimwa. Ubaya wake ni kwamba gharama ikiachiwa mwanafunzi, inageuka kuwa minervali nyingine. Chuo kilipe fotokopi za hao wachache, na kiandike hivyo wazi, ili silabusi isigeuzwe biashara ya mtu. Zaidi ya hapo sina la kusema kuhusu karatasi, inajulikana.

Zamu, na hesabu isiyofanywa

Kugawa darasa kwa zamu ndiyo njia inayopendwa na wote kikaoni, kwa sababu inaonekana kama masomo ya kawaida. Hebu tufanye hesabu. Ukumbi unaoketisha 300, ukiweka umbali wa mita moja kati ya watu, unabaki na nafasi kama 100. Vikundi vitatu. Somo la saa 45 linakuwa saa 135 kwa mwalimu yule yule, kwa malipo yale yale, yakija. Majuma mawili ya kwanza atavumilia. La tatu atamtuma asistenti. La nne vikundi vitakuwa vimeungana «kwa leo tu», na umbali wa mita moja utakuwa umebaki kwenye bango mlangoni.

Njia ninayoiona bora ni kuichanganya zamu na sauti. Saa 30 za maelezo ziende kwa sauti na silabusi, kwa wote mara moja. Saa 15 zilizobaki ziwe za mazoezi na maswali ukumbini, mara vikundi vitatu: jumla saa 45. Mwalimu hajaongezewa mzigo isipokuwa kurekodi, na mwanafunzi anafika chuoni mara moja au mbili kwa juma, kwa hiyo hata pikipiki inampunguzia gharama. Mfumo wa LMD, ule wa ngazi tatu za Licence, Master na Doctorat, ulioanza kwetu mwaka wa masomo 2021–2022, unahesabu pia kazi binafsi ya mwanafunzi, kwa hiyo hata kwenye karatasi za utawala hakuna sheria inayovunjwa.

Na kama kuna uwanja wenye kivuli, mazoezi yafanyike nje. Ubao wa kubebwa ni rahisi kuliko ukarabati wa ukumbi. Msimu wa mvua utakuharibia siku kadhaa, sawa, mtahamia barazani.

Ipo sababu nyingine ya kupenda mchanganyiko huu hapa Goma kuliko mahali pengine. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku chache baadaye serikali ikaamuru mitaa kumi ya mji ihamishwe, wanafunzi walijikuta Sake, Bukavu, Rutshuru, wengine ng'ambo ya mpaka. Zamu peke yake haikuwa na maana tena. Sauti ingewafikia wote huko huko. Tangu hapo vita vimetufundisha somo hilo hilo kwa ukali zaidi.

Profesa mgeni: video iingie ukumbini, isiingie simu

Vyuo vya majimboni vinaishi kwa maprofesa wageni. Anashuka kutoka Kinshasa, Kisangani au Lubumbashi, anafundisha somo zima kwa siku kumi, anafanya mtihani, anaondoka. Mwaka 2020 safari za ndege za abiria kati ya Kinshasa na majimbo zilisimamishwa kuanzia mwisho wa Machi hadi katikati ya Agosti. Masomo ya wageni yakasimama nazo.

Hapa video inarudi na heshima yake, lakini kwa namna nyingine. Profesa abaki alipo. Chuo kilipe muunganisho mmoja mzuri, projekta moja, vipaza sauti viwili, na kikundi cha wanafunzi wamwangalie ukutani wakiwa ukumbini, na asistenti akiwa nao kusimamia maswali. Mega zimelipwa na chuo, jenereta ni ya chuo, na hakuna aliyeachwa nyuma kwa sababu ya simu yake. Zaidi ya hayo, tiketi ya ndege na hoteli vimeokolewa. Kwa somo la namna hii, video inashinda sauti bila ubishi. Chuo kingine kinaweza hata kuchangia gharama na kufuata mhadhara ule ule: Goma na Bukavu wanaweza kumsikiliza profesa mmoja kwa wakati mmoja.

Mitihani na mazoezi ya vitendo

Mtihani wa nyumbani kwa simu sikubaliani nao kwa madarasa makubwa. Majibu yanafanana hadi makosa ya tahajia. Kwa finalisti, wale wa mwaka wa mwisho, swali la kufikiri analoandikia kurasa tano kisha kulitetea kwa mdomo dakika kumi, barazani, ni bora kuliko mtihani wa ukumbini hata bila ugonjwa. Kwa wengine, vikundi vidogo, maswali tofauti kwa kila kikundi.

Maabara, karakana na mafunzo ya hospitali hayana mbadala wa simu. Yapewe nafasi ya kwanza pale milango inapofunguliwa hata nusu. Mwanafunzi wa tiba asiingie wodini bila mavazi ya kinga aliyofundishwa kuyavaa na, hasa, kuyavua. Kama chuo hakina mavazi hayo, mafunzo yasubiri.

Fedha ikiwa ya jambo moja tu

Kamati nyingi zitanunua thermoflash, kwa sababu zinaonekana getini na ni rahisi kuzipiga picha. Mimi ningeanza na tanki. Mji uko kando ya ziwa na bado tunafukuzana na bidoni za maji. Ndoo ya mlango wa ukumbi ikijazwa saa moja asubuhi, saa tatu imekauka, na kuanzia hapo kila mtu anapita akijifanya haoni. Tanki lenye bomba kadhaa, na mtu mmoja anayelipwa kulijaza na kuweka sabuni, linakinga dhidi ya kipindupindu, Ebola na mpox kwa pamoja, na hata kuhara kwa kila siku ambako hakutangazwi redioni.

Sabuni ya kawaida inatosha kwa mikono. Pakihitajika klorini, kipimo cha mikono ni asilimia 0.05: kwa HTH, klorini ya unga, ya asilimia 70, ni gramu 14 hivi kwenye ndoo ya lita 20, karibu kijiko kikubwa kimoja. Ya sakafu na vyoo ni mara kumi ya hiyo, asilimia 0.5, nayo ikae kwenye ndoo ya rangi tofauti iliyoandikwa kwa herufi kubwa, mbali na mlango wa ukumbi. Fedha ikibaki, aitwe fundi wa madirisha. Ikibaki tena, fotokopi za wenye simu ya tochi. Thermoflash zije baada ya hapo, isipokuwa Ebola ikisikika tena barabara ya Butembo. Siku hiyo zipande hadi nafasi ya pili.